Jiwe Lililozungushwa Kama Keki

Shangazi yangu alikuwa mchonga mawe, na mumewe alikuwa mpamba keki. Mtaani walimwita yeye Bi Patasi, na mumewe Baba Keki. Nyumba yao ilikuwa na milango miwili. Wa mbele uliingia kwenye chumba cha tanuri, na wa pembeni ulipitiliza hadi uani, kwenye banda la mawe. Wageni wasiojua walikosea. Waliofiwa waliingia mbele wakakuta keki ya ngazi mbili yenye maua ya waridi, na waliokuja kuagiza keki ya harusi walipita pembeni wakajikuta katikati ya mawe ya makaburi.

"Mmewahi mno," Shangazi aliwaambia hao wa harusi bila kuinua uso. "Anzeni kwa mume wangu. Kwangu mtafika tu."

Jioni wote wawili walikuwa weupe kuanzia nyusi hadi viatu, mmoja kwa vumbi la mawe na mwingine kwa unga. Ukitaka kujua nani ni nani, ilibidi unuse.

Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo likizo zangu zote za shule zilikuwa zao. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, kati ya tanuri na banda, nikisoma. Huku nyundo inagonga, huku mwiko unapiga mayai. Mpaka leo nikisoma mahali palipo kimya kabisa, maneno hayaingii vizuri.

Shangazi alifundishwa kuchonga na babu, ambaye alikubali kumfundisha binti kwa sababu watoto wake wa kiume walikimbia vumbi. Alikuwa na mkono imara, lakini kulikuwa na kazi moja iliyomshinda: kupanga maandishi. Mistari yake ya penseli iliteremka kuelekea kulia kama maji yanayotafuta mfereji. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, mumewe aliangalia jiwe moja lililoharibika kwa namna hiyo, akarudi jikoni, akaja na mfuko wake wa kupambia. Alikuwa amekoroga uji mzito wa sukari ya unga na ute wa yai. Akainama juu ya jiwe, akaminya mfuko, na jina la marehemu likatoka kama uzi mweupe, limenyooka, herufi zote kimo kimoja. Uzi ukakauka, ukawa mgumu kama ganda la yai. Shangazi akachonga akiufuata, na kazi ilipokwisha akaosha jiwe kwa maji ya uvuguvugu.

Tangu hapo hawakuacha. Kila jina kwenye makaburi ya mji ule liliandikwa kwanza kwa sukari.

Njia hiyo ilikuwa na adui mmoja, sisimizi. Asubuhi moja walikuta wamekula tarehe yote ya kifo cha mzee fulani, wakaacha ya kuzaliwa. Mjane aliyekuja kuangalia maendeleo ya jiwe aliinama akalisoma.

"Kumbe kwa sisimizi bado yupo," alisema, akacheka, na huo ulikuwa mcheko wake wa kwanza tangu mazishi. Shangazi alipenda kuisimulia habari hiyo. Alisema msiba una mlango wa nyuma, ila hujui ni nani atakayeufungua.

Waligombana kuhusu herufi kama wengine wanavyogombana kuhusu chumvi. Herufi za mume zilikuwa za mviringo, zimejaa. Za mke, hata alipofuata uzi wa sukari, zilitoka na pembe.

"Herufi zako zimenona," Shangazi alisema. "Zinahitaji mazoezi."

"Na zako zimelala njaa, mke wangu. Wape watu chakula, hata kama wamekufa."

Nilipokuwa nimeshamaliza chuo na kuanza kufundisha historia, ndipo mji ulipojenga maktaba yake ya kwanza. Mkutubi, dada mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, alikuja akapita mlango sahihi. Alitaka jiwe la kuwekwa juu ya mlango, lenye maneno matatu tu: NYUMBA YA VITABU. Kulikuwa na kampuni yenye mashine ya kuchonga upande wa pili wa mji, lakini yeye alitaka jiwe la mkono.

Alipoondoka, Shangazi aliketi juu ya gogo lake la kazi, na patasi mapajani.

"Unajua," aliniambia, "maisha yangu yote nimewaandikia watu wasiosoma. Wateja wangu hawajawahi kulalamika, na hawajawahi kushukuru. Hili ndilo jiwe langu la kwanza la walio hai."

Alilichagua jiwe mwenyewe, la kijivu, lisilo na mshipa, likiwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Alilisugua mpaka likawa laini kama shavu. Baba Keki alipewa taarifa kwamba safari hii sukari iwe ya daraja la kwanza.

Siku moja kabla ya kuanza kuchonga, aliingia jikoni kumwuliza mumewe jambo, akakanyaga siagi iliyodondoka sakafuni. Alianguka akiwa ametanguliza mkono wa kushoto, na kifundo kikavunjika.

"Mawe yote yale," alisema hospitalini, wakati daktari anamfunga plasta, "hayajanivunja hata ukucha. Nimevunjwa na siagi."

Baba Keki hakucheka. Alisafisha ile sakafu kwa maji ya moto kila siku, hata zile siku ambazo hakuoka kitu.

Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga. Ulikuwa umeunga vibaya kidogo, ila ulishika. Daktari alimwambia ana bahati, maana ni mkono wa kushoto. Daktari hakujua kuchonga. Mkono wa kulia wa mchongaji hugonga nyundo tu. Wa kushoto ndio unaoshika patasi, na ndio unaoiongoza. Kwenye mstari mnyofu mkono huo hutulia, lakini kwenye mviringo hujipinda kidogo kidogo kila nyundo inapogonga, kama anayefungua kifuniko kilichokaza. Kifundo cha Shangazi sasa kilikuwa na nguvu ya kutulia. Kujipinda, hakikuweza tena.

Alijaribu kwenye kipande cha jiwe kibovu. Baba Keki alimwandikia U kwa sukari, nzuri kama kikombe. Shangazi akaanza juu kushoto, akateremka vizuri, akafika kwenye tumbo la herufi, na hapo patasi ikakataa kugeuka. Ikaenda moja kwa moja hadi chini. Akaanza upande wa kulia, ikawa vilevile. Mistari miwili ikakutana kwa ncha. Uji wa sukari ulisema U, lakini jiwe lilisema V.

Akajaribu tena na tena. Kile kipande kilijaa V kama miguu ya ndege kwenye tope.

Nilimkuta hivyo siku nilipokuja kuwasalimia. Alikuwa amefunika lile jiwe la kijivu kwa gunia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kuzika patasi?" Alionyesha gunia kwa kidevu. "Kesho namwita yule dada mkutubi. Alipeleke kwenye mashine. Na mimi nafunga banda. Mchongaji asiyeweza kupinda ni mpasua kokoto."

Baba Keki alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake ina unga, akitazama chini pale palipokuwa na siagi.

Sikuwa na dawa ya mfupa. Nilichokuwa nacho ni hadithi niliyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu, nikakaa kwenye kigoda changu cha zamani nikamsimulia. Nilimwambia kwamba kile alichochonga hakikuwa kosa. Warumi wa kale, ambao herufi hizi tunazoandikia zilitoka kwao, hawakuwa na U kabisa. Walikuwa na alama moja tu, hiyo V yenye ncha, na iliwafanyia kazi mbili: mara irabu, mara konsonanti. Msomaji alijua mwenyewe ni ipi, kama vile mama anavyojua ni pacha yupi anayelia.

"Wao waliitoa wapi?" aliuliza. Nyundo alikuwa ameiweka chini, jambo ambalo niliona ni dalili njema.

"Kwa mbali sana ilikuwa alama ya Wafoinike, watu wa biashara wa zamani. Jina lake lilikuwa na maana ya ndoana, na ilifanana na kigingi chenye matawi mawili juu. Wagiriki wakaichukua, ikapita mikononi mwa watu, ilipofika kwa Warumi ilikuwa imeshapoteza mguu. Yakabaki matawi mawili. Na hiyohiyo ndoana, kwa njia nyingine, ndiyo iliyozaa wau ya Kiarabu. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi hizo, wau moja ilibeba u na w pia."

"Kumbe ni ukoo mkubwa."

"Mkubwa sana. W nayo ni huyohuyo, wamewekwa wawili bega kwa bega."

Baba Keki akaingia ndani ya banda, akaegemea ukuta. "Sasa hii ya mviringo ilitoka wapi?"

"Kwa watu wa kalamu, Baba. Anayeandika haraka kwa wino hapendi kusimama kwenye ncha na kuanza upya. Anapitiliza, na ncha inakuwa tumbo. Kwa miaka mingi zote mbili zilikuwa herufi moja yenye nguo mbili. Waandishi wengi walianza neno kwa ile ya ncha, na katikati ya neno wakaweka ya mviringo, sauti iwe yoyote. Vitabu vilipoanza kupigwa chapa ndipo watu wakaanza kuzigawia kazi. Wewe wa tumbo uwe irabu, wewe wa ncha uwe konsonanti. Na hata hapo walichukua muda mrefu kukubaliana."

Baba Keki alimtazama mkewe. "Umesikia? Herufi yangu ndiyo mtoto. Yako ndiyo mama."

"Nimesikia," alisema Shangazi, na uso wake ukawa umefunguka. "Kwa hiyo nikichonga NYVMBA YA VITABV, nitakuwa nimefuata wakubwa."

"Utakuwa umewafuata."

Alilivua lile jiwe gunia. Akapitisha kiganja juu yake, akachukua kipande kingine kibovu, akaanza kupima herufi kwa vidole. Alifanya mzaha kwamba sasa atadai heshima ya mzee wa Kirumi, na kwamba mumewe atampikia kwa kupiga goti. Alichonga N, mistari mitatu minyofu. Akachonga Y, kisha V mahali pa U, kisha M. Zote zilitoka safi kabisa. Halafu akasimamisha patasi.

"Na B?"

"B ipi, Shangazi?"

"NYUMBA ina B. VITABU ina B. Hao Warumi wako, B waliichongaje?"

Nilitamani kuwa na jibu lingine. "Walichonga matumbo yake mawili, kama sisi."

"Ya mviringo?"

"Ya mviringo. Na O zao zilikuwa duara kamili."

Akacheka kidogo. "Basi hawakuwa na mkono mbovu. Walipenda tu ncha." Aliweka patasi ndani ya kikopo chake. "Mimi napenda pia, mwanangu, lakini kupenda ni kwa anayeweza zote mbili akachagua moja. Halafu kuna watoto watakaokuja pale ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Wamefundishwa nyumba. Nitawawekea fumbo mlangoni? Wangekuwa wale wateja wangu wa zamani, sawa. Hawa wako hai."

Jiwe likarudi chini ya gunia. Nililala pale, na nilijilaumu kwa kumpa mtu tumaini ambalo sikulipima vizuri kabla ya kulitoa.

Asubuhi Shangazi hakuingia bandani. Aliketi jikoni na kikombe cha chai, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya siku ya kazi, akamwangalia mumewe akipamba keki ya mtoto anayetimiza mwaka. Nami nilikuwa namenya mayai ya kifungua kinywa. Baba Keki alikuwa ameiweka keki juu ya kile kisahani chake cha chuma kinachozunguka, akaelekeza mfuko ukingoni, na utepe wa sukari ukaanza kujilaza kuizunguka keki, sawasawa, bila kutetemeka.

Shangazi akateremsha kikombe.

"Mkono wako hauendi," alisema.

"Uende wapi?"

"Ndiyo nakuuliza. Umetulia. Keki ndiyo inayokwenda."

Baba Keki alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umesimama na mfuko. Wa kushoto ulikuwa unasukuma kisahani kwa kidole kimoja. "Mviringo wote ni hivyo, mke wangu. Ukizungusha mkono, utatetemeka. Unatulia, unazungusha keki."

"Miaka yote hii?"

"Ulidhani nazungusha nini? Hujawahi kuniangalia. Unaingia hapa kutafuta chai tu."

"Na siagi," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke, yule mzee alicheka. Alicheka mpaka utepe wa sukari ukapinda, na kwenye ile keki likabaki wimbi moja lililomlazimu kuongeza ua.

Jiwe si keki. Kile kisahani kingepondeka. Lakini pembeni ya nyumba yao kulikuwa na gereji, na fundi wa magari alikuwa mteja mkubwa wa maandazi. Shangazi alimkuta chini ya lori, akazungumza na miguu yake.

"Fundi, nataka kitu cha kuzunguka kinachobeba uzito wa jiwe."

"Jiwe linakwenda wapi, Bi Patasi?"

"Haliendi popote. Linazunguka."

"Mimi nafunga vitu ili viende," fundi alisema, akajitoa. "Ila nina habu, kile kitovu cha gurudumu, ya nyuma ya lori lililokufa. Beringi zake bado nzima." Waliilaza ile habu kwenye kitako cha zege bandani, wakafunga ubao mnene juu yake, wakaipaka grisi. Tukalibeba jiwe sote, tukaliweka juu. Shangazi alilisukuma kwa kidole. Likageuka taratibu, zito, bila mlio.

Baba Keki aliandika maneno yote matatu kwa sukari. Tukalisogeza jiwe mpaka katikati ya tumbo la U ya kwanza pakawa juu ya kitovu cha ile habu. Kisha Shangazi akakaa, akaiweka patasi mwanzo wa herufi hiyo, na kifundo chake kikatulia pale kilipopenda.

"Wewe zungusha," alimwambia mumewe. "Nikigonga, sogeza. Nikisimama, simama."

"Usinifundishe kuzungusha."

"Nakufundisha jiwe."

Akateremka na mstari mnyofu. Kwenye tumbo la herufi, akagonga, mume akasogeza. Akagonga, akasogeza. Patasi haikupinda hata chembe. Jiwe ndilo lililopita chini yake, likijipinda lenyewe. Nilisimama na vumbi usoni nikaona mfereji ukianza kuinama, unainama kweli, unaacha ile njia ya kwenda kwenye ncha.

"Unakimbiza," Shangazi alisema.

"Wewe ndiye unachelewa."

"Nimesema unakimbiza, mzee. Hii haiozi, haina haraka."

Alikuwa amekimbiza kweli, kwa furaha. U ile ya kwanza ilitoka na tumbo jembamba, si la kikombe wala si la ncha. Ukiitazama upande mmoja ni ya mwokaji, ukiitazama upande mwingine ni ya mchongaji. Shangazi aliipulizia vumbi, akaiangalia kwa jicho moja. Nilisubiri aikasirikie.

"Hii ndiyo ile yako," aliniambia. "Ile ya kabla hawajakubaliana."

Matumbo ya B yalikuwa bora. U ya mwisho, ile ya VITABU, ilikuwa ya mviringo mzuri kiasi kwamba Baba Keki alidai imetoka kwake peke yake, na wakabishana mpaka chakula cha jioni. Ile ya kwanza hawakuigusa tena. Kwenye jiwe huwezi kuongeza, utapunguza tu, na Shangazi alisema hataki kupunguza kitu chochote cha siku ile.

Maktaba ilipofunguliwa, jiwe lilikuwa mahali pake, lakini si juu ya mlango. Mkutubi alibadili mawazo alipoliona. Aliomba lijengewe ukutani pembeni ya mlango, usawa wa kiuno, ili hata watoto walifikie. Hotuba zilikuwa ndefu. Shangazi alisimama nyuma kabisa na gauni lake la kutokea, na Baba Keki kando yake alikuwa na sukari kidogo sikioni ambayo hakuna aliyemtajia.

Hakufunga banda. Watu walianza kuagiza mawe ya nyumba zao, ya shule, ya duka la dawa. Ile habu inazunguka mpaka leo. Siku za harusi kubwa Baba Keki huiazima kwa keki za ngazi nyingi, na huirudisha ina ufuta, jambo linalowapa la kusema wiki nzima.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Shangazi maktaba kurudisha kitabu. Mkutubi alikuwa mlangoni na kitambaa, akifuta jiwe.

"Bi Patasi, jiwe lako linanipa kazi," alisema. "Watoto hawaingii mpaka wafuatishe herufi zote kwa vidole. Na vidole vyao unavijua. Kuna mmoja hapa kila siku anaifuata ile U nyembamba, anatoka, anarudi, anaifuata tena."

Shangazi aliinama, akapitisha kidole chake mwenyewe kwenye ile U, polepole, kutoka juu kushoto hadi chini na kupanda tena. Mfereji ulikuwa umeshaanza kung'aa kwa mafuta ya mikono ya watu.

"Waache warudi," alisema, akajinyoosha. "Wateja wangu wa zamani hawakuwa na tabia hiyo."